Moja Kutoa Moja

Kwa miaka tisa niliandika vizazi na vifo vya kijiji chetu, na kwa miaka sita ya hiyo tisa rejesta yangu ilikuwa ya uongo. Sikubadilisha namba hata moja. Niliandika nilichoambiwa, kwa mwandiko mzuri, na bado ukawa uongo. Ninalieleza jambo hili sasa kwa sababu waliokuwa wakiona haya kulisikia wamekwisha kufa, na mimi mwenyewe haya zimenipungua.

Kazi niliipata kwa ajili ya huo mwandiko. Nilikuwa nimeolewa kutoka upande wa Lalago, nina cheti cha darasa la saba na watoto wawili, na mtendaji wa kijiji alitafuta mhudumu wa afya anayeweza kuandika bila kutoka nje ya mistari. Posho ilikuwa sabuni na ahadi. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Shinyanga, na Simiyu ulikuwa mto tu, haujawa mkoa. Ulikuwa wakati wa ruksa. Mitumba ilikuwa imefika gulioni, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori na mizani zao wakati zamani tulikuwa na chama cha ushirika peke yake, na zahanati, ambayo tulizoea kuiendea mikono mitupu, ilianza kutaka mchango na daftari la kuandikiwa dawa. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Na mimi nikakabidhiwa rejesta.

Ilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lenye safu tatu. Ya kwanza waliozaliwa, ya pili waliokufa, ya tatu ongezeko, yaani ya kwanza kutoa ya pili. Wakubwa waliipenda hiyo ya tatu. Kila walipokuja kutukagua, kidole kilikimbilia kulekule.

Tatizo ni kwamba kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe za mtu hazihesabiwi, na watoto wake hawahesabiwi. Ukitaja idadi umeziita balaa zije zipunguze. Mama mkwe wangu, ambaye nilikaa naye boma moja, alikuwa na msemo wake: ukihesabu ng'ombe kwa sauti, fisi anasikia. Sasa mimi nilitakiwa kuzunguka kaya kwa kaya nikihesabu kwa sauti.

"Mwangaluka, mayu," nilikuwa nikimsalimu mama wa watu, maana mayu, yaani mama, ndivyo tunavyoitana wanawake wote kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mna watoto wangapi hapa?"

"Tupo tu."

"Mko wangapi?"

"Tunatosha."

"Ninyi mnatosha, mayu, lakini serikali haijatosheka."

Anacheka, ananipa karanga, namba hanipi. Nilihangaika hivyo msimu mzima mpaka nikapata ujanja. Nikawa nafika mchana, wakati ugali unasongwa, nauliza, "Leo mnampikia nani na nani?" Hapo anataja mmoja mmoja, mkubwa mpaka anayebebwa mgongoni, nami nahesabu kimoyomoyo. Akimaliza kutaja nimemaliza kuandika, na fisi hajasikia kitu. Nilijiona nina akili sana.

Vifo vya watu wazima havikunipa shida. Mtu mzima akifa kijiji kizima kinalala matanga, hata asiyejua kusoma anajua nani hayupo. Mtoto aliyekwisha kutembea naye huliliwa na watu. Ila mtoto ambaye kitovu hakijadondoka ni habari nyingine. Huyo huzikwa na wanawake siku hiyohiyo, nyuma ya nyumba, karibu na inapokaa mitungi ya maji. Hakuna kilio. Wanaume hawaambiwi waziwazi. Hata neno kufa halitumiki, husemwa amerudi. Walisema ukimlilia aliyerudi, anayefuata atasikia huko aliko na ataiogopa njia. Mama anapumzika siku chache, anachukua jembe, na akiulizwa watoto, yule hatajwi, kwa kuwa hakuwahi kupikiwa ugali.

Sasa unaona ujanja wangu ulipoishia. Aliyerudi hakuingia safu ya kwanza wala ya pili. Hakuwa amezaliwa, hakuwa amekufa. Nilijua kwamba wapo. Nilikuwa nikimwona mwanamke tumbo limejaa mwezi mmoja, mwezi wa pili yuko shambani, tumbo hakuna na mgongoni hakuna, nami namsalimu, ananijibu, tunaongea habari za mvua. Nilikuwa nimeolewa pale, sikutaka kuitwa mchawi anayefukua. Nikafunga daftari.

Mwaka wa sita wahudumu wa vijiji tuliitwa semina Bariadi mjini, katika darasa la shule iliyokuwa likizo. Nilikuwa na watoto watatu na mimba ya miezi minne. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa ofisini, shati amechomekea, chaki imemchafua mpaka nyusi, tukamwita bwana takwimu. Alituuliza swali ambalo sijalisahau.

"Bibi zenu walizaa saba, wanane, kama mnavyozaa ninyi. Mbona wakati wao kijiji hakikujaa?"

Mzee mmoja mhudumu, aliyekuja na baiskeli kutoka mbali, akajibu, "Surua ilikuwa inachagua."

"Barabara. Kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wa kutokea tumeubana kwa chanjo. Wa kuingilia uko vilevile. Ndiyo maana nyumba inajaa, wala si kwamba mmezidi kuzaa. Siku wazazi wakiamini kwamba mtoto wa tatu ataishi, hawatazaa wa nane wa akiba. Lakini kuamini kunachelewa. Watoto huacha kufa kwanza, na mama zao huacha kuogopa baadaye sana."

Kisha akachora vijiji viwili ubaoni. Katika kimoja walizaliwa kumi wakafa wanane. Katika kingine walizaliwa wanne wakafa wawili. Akauliza kipi kimeongezeka zaidi. Tukapiga hesabu kwa vidole. Vyote viwili vilikuwa vimeongezeka watu wawili.

"Kwa hiyo ni sawa?" akauliza.

Mimi nikasema, "Si sawa. Kijiji cha kwanza wanawake wamechoka."

Walicheka wote, na yeye akacheka, akaandika kitu katika karatasi yake. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa. Sikujua kwamba kijiji cha kwanza ndicho chetu, na kwamba ni mimi niliyekivalisha nguo za cha pili.

Miezi miwili baadaye mtendaji alisoma barua mkutanoni. Tulikuwa tumesifiwa na wilaya. Vifo vya watoto wachanga katika kijiji chetu vilikuwa vichache mno, karibu havipo, na kwa sababu hiyo muuguzi mkunga wa zahanati yetu atahamishiwa kijiji kingine, njia ya kwendea Mwanhuzi, ambako hali ni mbaya. Watu walipiga makofi. Wengine waligeuka kunitazama, kwa kuwa rejesta ilikuwa mapajani pangu na tumbo limeiegemea. Nami nilipiga makofi. Muuguzi aliondoka wiki iliyofuata na kitanda chake juu ya lori la pamba, akabaki mganga mmoja aliyekuja siku mbili kwa juma na kutoa dawa za malaria.

Nilimzaa binti yangu wakati wa kuvuna pamba. Mume wangu hakuwepo, alikuwa ameajiriwa kupakia magunia kwenye gari la mnunuzi mmoja, na gari lilikuwa limekwenda hadi Nassa. Mama mkwe ndiye aliyenizalisha, kama alivyowazalisha wengi. Wembe ulikuwa mpya, niliununua mwenyewe. Uzi wa kufungia kitovu ulichomolewa kwenye gunia la pamba lililokuwa pembeni, kwa kuwa uzi niliouandaa haukuonekana haraka. Niliuona ule uzi. Mimi, mhudumu wa afya, niliyefundisha wenzangu kuchemsha uzi, niliuona ukifungwa na nikalala kimya, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na mtoto alikuwa analia vizuri. Sindano za pepopunda za mimba ile nilikuwa sijapata hata moja. Aliyekuwa anazichoma ni yule muuguzi.

Binti yangu alikuwa na nywele nyingi. Alinyonya siku tano bila shida. Siku ya sita akaachia ziwa, akalia kwa sauti nyembamba, na jioni kinywa hakikufunguka tena. Tukisema tumpeleke Bariadi, gari hakuna, na magari yote ya wanunuzi yalikuwa upande wa Nassa kunakonunuliwa pamba wiki ile. Mama mkwe alimshika mpaka alfajiri. Siku ya nane akawa amerudi.

Wanawake wanne walimzika nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekaa kwenye ngozi nikisikia jembe. Mama mkwe aliingia na mikono imeoshwa, akaniletea uji, akasema, "Kunywa, mayu. Amerudi." Nilikunywa. Nakumbuka ulikuwa na ndimu. Nilingoja nisikie uchungu, haukuja. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiufinya unajua ni wako lakini hausikii.

Mwisho wa mwezi nilijaza rejesta. Kaya ya upande wa kisima mtoto mmoja wa kiume, kaya ya mpiga matofali mtoto mmoja wa kike. Wazee wawili wamefariki. Ongezeko sifuri. Nilipofika kwenye kaya yangu nikaandika mstari mlalo, maana yake hakuna mabadiliko. Mume wangu alirudi juma lile. Aliniangalia mgongo, akaangalia nyuma ya nyumba ambako udongo ulikuwa umesawazishwa na mtungi mmoja umesogezwa. Akatoka kwenda kutengeneza ua wa miiba, akautengeneza siku tatu, hata mahali palipokuwa pazima. Hatukuongea habari ile mwaka ule wala mwingine.

Niliishi. Nilipika, nilipalilia, nilipita kwenye kaya nikiuliza wanampikia nani na nani. Maziwa yalikauka kwa kufungwa kitambaa. Watoto wangu watatu hawakuuliza kitu, walikuwa wamekwisha kufundishwa na nyumba. Siku nyingine nilijikuta nimesimama katikati ya mistari ya pamba na kapu tupu, jua limehama, na sijui nimesimama tangu lini.

Msimu wa pamba uliofuata bwana takwimu alikuja kwa pikipiki kukagua rejesta. Tulikaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Alifungua kurasa akitikisa kichwa kwa furaha.

"Mama, hapa kwenu ni mfano. Laiti vijiji vyote."

Nikamuuliza, "Mtoto aliyezaliwa na akafa wiki hiyohiyo, anaandikwa wapi?"

"Anaandikwa pande zote mbili. Safu ya kwanza, amezaliwa hai. Safu ya pili, amekufa."

"Na safu ya tatu?"

"Hagusi safu ya tatu." Alisema kwa upole, kama mtu anayekutua mzigo. "Moja kutoa moja ni sifuri. Usiwe na wasiwasi, mama, ongezeko lako haliharibiki."

Hapo ndipo nilipopata hasira, ya kwanza tangu siku ile ya uji. Nilitaka kumchapa kijana wa watu kwa daftari lake. Badala yake nilimuuliza, na sauti ilinitoka juu mno, "Basi mnaandika safu mbili za nini, kama ya tatu inatosha?"

Alinitazama. Nadhani alikumbuka vile vijiji vyake vya ubaoni. Akafunga kalamu.

"Kwa sababu ya tatu haituambii muuguzi apelekwe wapi," akasema. "Tunapeleka muuguzi wanakofia watoto. Tukiangalia ya tatu peke yake, hatuoni." Kisha taratibu, "Mama, hapa hawafi?"

Nilimwambia aniachie rejesta mpaka kesho kutwa, kuna kurasa nimesahau kuzijaza. Akaniachia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha ya kijiji kizima kwa mwandiko mzuri. Nilitembea nayo kwenda nyumbani nimeikumbatia kifuani.

Ilikuwa mchana. Mama mkwe alikuwa kwenye kivuli cha nyumba anachambua pamba, safi rundo moja, fifi, yaani iliyochafuka, rundo jingine. Nilikaa karibu naye juu ya gunia, nikarudisha kurasa hadi mwezi ule, nikafika kwenye kaya yangu na ule mstari mlalo. Kalamu niliishika muda mrefu. Niliogopa, nasema kweli. Nikiandika, huyu mama angeweza kusema nimemfukua mjukuu wake, nimewaitia fisi waliobaki. Angeweza kunirudisha Lalago. Nisipoandika, binti yangu hakuwahi kuwa na nywele nyingi, hakunyonya siku tano, na mwanamke mwingine wa kijiji kile angefungiwa kitovu cha mwanawe kwa uzi wa gunia.

Nikaandika. Safu ya kwanza, mmoja, wa kike. Safu ya pili, mmoja, wa kike. Katika safu ya tatu nikaandika sifuri.

"Unaandika nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Namwandika, mama."

"Nani?"

"Aliye nyuma ya nyumba."

Mikono yake ilisimama juu ya pamba. Nilisubiri matusi. Kuku alipita kati yetu akadonoa mbegu, na hakumfukuza. Kisha akachukua pamba nyingine, akaitazama, akaiweka upande wa fifi ingawa ilikuwa safi.

"Andika na wangu," akasema.

"Mama?"

"Wangu. Waandike."

"Rejesta ni ya miaka hii tu, mama. Wako ni wa zamani."

"Karatasi zimekwisha?"

Hazikuwa zimekwisha. Nilifungua ukurasa wa mwisho kabisa, ule usio na mistari, nikachora safu kwa kuegemeza kalamu kwenye ukingo wa kikapu. Naye akaanza, sauti ileile ya kuchambua pamba, huku kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja baada ya kimoja. Wa kiume, mwaka wa nzige. Wa kike, kabla ya yule aliyeolewa Maswa. Mapacha wa kike, mwaka ambao ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa midomo, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Wa kiume, tulipohamishiwa kijijini na nyumba ilikuwa haijaezekwa, huyo mvua ndiyo iliyomchukua. Hakusita hata mahali pamoja. Mwanamke ambaye kwa miaka yote niliyomjua alikataa hata kuku wake kuhesabiwa, alikuwa na hesabu kamili.

Machozi yalinitoka ndipo. Yalianguka kwenye karatasi na wino wa mwaka wa nzige ukasambaa. Alinyoosha mkono akafuta kwa ncha ya kanga yake, akazidi kuchafua.

"Wangapi?" akauliza.

"Watano, mama."

"Na wako."

"Na wangu. Sita."

Aliitika kwa kichwa. Akaokota ile pamba safi aliyoiweka kwenye fifi, akairudisha mahali pake.

"Kesho nitazunguka nawe," akasema. "Wewe hawatakuambia. Mimi nimewazikia."